Lumbesa na Haki ya Mkulima

Alhamdulillahi Rabbil-alamin. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ndugu Waislamu wa Endagikot, ninaiusia nafsi yangu na ninyi tumche Allah, sokoni kama msikitini.

Surat al-Mutaffifin tumezoea kumsomea mwenye duka anayepunja sukari. Lakini humo hutangulia kutajwa anayepokea: hujitimizia kipimo achukuapo kwa watu, kisha huwapunja awapimiapo. Basi inamhusu pia mnunuzi anayefuata vitunguu swaumu Mbulu na mbaazi Hanang.

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ni dhuluma. Sheria ya Vipimo, Sura 340, inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Anayelijaza kupita hapo akalipa bei ya gunia moja, amekula kilichozidi bure. Mkulima hunyamaza kwa sababu ada ya shule inamsubiri. Kunyamaza kwa mwenye shida si ridhaa.

Mtume (s.a.w.) alikataza kuulaki msafara njiani kabla wenye mali hawajaijua bei ya soko. Dalali anayewahi shambani akadai bei imeanguka, naye anajua haijaanguka, yumo katika katazo hilo. Bei ikishuka kweli, kama ya mbaazi mwaka 2017 India ilipobana uingizaji, huo ni mtihani. Kumficha mkulima bei ni hadaa. Na kwa anayechukua mazao kwa mkopo: mwenye uwezo kuchelewesha deni, Mtume aliita dhuluma.

Nasi wakulima tusijitoe. Mtume alitia mkono katika lundo la chakula, akakuta unyevu chini, akamkana mwenye kughushi. Ukificha vitunguu vibovu katikati ya gunia, mnunuzi atajifidia msimu ujao kwa lumbesa kubwa zaidi, nawe utaficha zaidi. Mwisho wake mkulima analiacha zao, mnunuzi anakosa mzigo, na wote wamekula haramu.

Nasema haya, na ninamwomba Allah atusamehe sote.

Khutba ya pili

Alhamdulillah. Ndugu zangu, tupime kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, muuzaji na mnunuzi wakiitazama. Mali ikichukuliwa kwa mkopo, tuandike deni, siku ya kulipa na mashahidi, kama Surat al-Baqara, aya ya 282, ilivyotuelekeza. Aliyezidisha arudishe: toba ya haki ya mtu haitimii kwa istighfari peke yake.

Ewe Mola, turuzuku cha halali, utunyeshee mvua ya kheri, utuepushe na kula haki za watu. Amin.

Simamisheni Swala.