Mwenye Ufunguo

Katika mambo ya utawala, watu wamezoea kumshitaki atumiaye nguvu kupita kiasi. Ni nadra kumshitaki aachaye kuitumia. Mwenye upanga akiurudisha alani husifiwa kwa upole, na mkubwa ajiuzuluye husifiwa kwa unyenyekevu. Sifa hizo aghalabu hustahili. Lakini liko swali ambalo sifa hizo hulifunika: Je, mtu mwenye uwezo ambao hakuna mwingine aliye nao, aweza kutangaza kwamba hatawali tena, na tangazo lake likawa kweli? Yamkini swali hili halijapata kujaribiwa kwa uwazi zaidi kuliko lilivyojaribiwa katika nyumba moja isiyokuwa na tofali wala boriti.

Nyumba hiyo iliitwa LambdaMOO. Pavel Curtis, mtafiti wa kituo cha Xerox PARC huko Palo Alto, California, aliianzisha mwaka 1990. Walimwengu wa aina hiyo walikuwa wametangulia. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle walianza kuunda mchezo wa maneno matupu, ambamo watu wengi waliweza kuingia kwa wakati mmoja, wakatafuta hazina na kupigana. LambdaMOO haikuwa na hazina wala mshindi. Ilikuwa nyumba kubwa, iliyochorwa kwa mfano wa nyumba ya Curtis mwenyewe, na shughuli ya wakazi wake ilikuwa kuzungumza na kujenga.

Mgeni alihitaji kompyuta iliyounganishwa na intaneti, programu ndogo iitwayo telnet, na anwani ya nyumba pamoja na namba ya mlango wake, 8888. Akiisha kupokelewa, alijikuta katika chumba kidogo chenye giza cha kutundikia makoti. Hapakuwa na picha; giza lenyewe lilikuwa sentensi katika kioo cha kompyuta. Mgeni aliandika neno la kutoka, na mara moja akasoma kwamba amefika sebuleni, ambako wakazi waliketi wakizungumza, na ndege mmoja wa jamii ya kasuku akirudia maneno yao. Kutoka hapo aliandika kaskazini au kusini, juu au chini, na kila neno lilimhamisha chumba. Akitaka kutazama, aliamuru kutazama, akapewa maelezo. Mkazi aliyesajiliwa aliweza kuchimba chumba chake kwa amri moja, akakipamba kwa maneno yake, akaunda vitu na kuvifundisha kutenda.

Sasa itazamwe namna nyumba kama hiyo inavyosimikwa. Anayetaka kuanzisha yake huchukua vitu viwili: programu inayoendesha ulimwengu, na hifadhidata ya mwanzo yenye watu na vitu vichache vya lazima. Akiisha kuviwasha katika kompyuta yake, huingia kwa jina la mtu mmoja tu aliyekwisha kuumbwa, asiyekuwa na neno la siri. Mtu huyo ana uwezo wote. Tendo la kwanza la busara ni kumpa neno la siri, ili mwingine asiingie kwa jina lake. Basi kabla ya sebule kupata mkazi, kabla ya sheria yoyote kuandikwa, ufunguo umekwisha kuwa mkononi mwa mtu. Uhuru wa wote watakaokuja baadaye utapita katika mkono huo.

Wenye uwezo huo walipewa jina la Kiingereza ambalo mfasiri angeweza kuliita wachawi. Lakini mchawi wa Kiswahili ni hasidi atembeaye usiku, hali hao walijulikana kwa majina na walitengeneza kilichoharibika. Afadhali waitwe waganga. Mganga aliweza kuingia chumba chochote, kubadili kitu chochote, na kumfuta mkazi asionekane tena. Adhabu hiyo ya mwisho ilirithi jina la michezo ya zamani: kugeuzwa chura. Kwa sababu walikuwa na uwezo huo, kila ugomvi uliletwa kwao. Waliamua nani kamtukana nani, na nani apewe nafasi kubwa zaidi ya kujenga. Wakachoka. Tena waliona kwamba wakazi walikuwa wamekuwa wengi na wenye akili timamu, na haifai watu wazima kulelewa. Desemba 1992, Curtis alitangaza kwamba tangu siku hiyo waganga wangekuwa mafundi tu. Wangeitunza mashine, mambo ya watu wangewaachia watu.

Tangazo hilo lilikuwa la heshima, na aliyelitoa hakuwa na hila. Lakini Machi 1993, usiku mmoja, mkazi mmoja aliingia sebuleni na kitu alichokitumia kuandika matendo kwa majina ya wengine. Kwa kitu hicho aliwafanya wenzake waonekane, mbele ya hadhara, wakitenda na kutendewa mambo ya aibu yasiyofaa kusimuliwa, ambayo wenyewe hawakuyataka wala hawakuyaandika. Julian Dibbell, aliyeandika habari hiyo mwaka huohuo katika gazeti la The Village Voice la New York, alieleza kwamba mmoja wa waliodhulumiwa alitokwa na machozi alipokuwa akiandika malalamiko yake.

Wako waliosema kwamba hapakuwa na jeraha, kwa kuwa hapakuwa na mwili. Maneno ni maneno, na asiyeyapenda na azime kompyuta. Hoja hii ni dhaifu. Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, kwa sababu walijua kuwa ulimi hufika mahali ambapo jiwe halifiki. Isitoshe, katika nyumba ambayo kuta zake, milango yake na nyuso za wakazi wake vyote ni maneno, kumnyang'anya mtu maneno yake ni kumnyang'anya mkono na uso. Wengine walisema kwamba iko amri ya kuziba masikio, ambayo mkazi akiitumia hasomi tena maneno ya mwovu. Lakini amri hiyo ilimziba masikio aliyetukanwa peke yake. Sebule nzima iliendelea kusoma. Aibu ya mtu hukaa machoni mwa watu, na kufumba macho yake mwenyewe hakuyafumbi ya wenzake.

Wakazi wengi wakadai mkosaji ageuzwe chura. Hapo tangazo la Desemba lilionyesha sura yake ya pili. Wakazi walikuwa na hukumu bila mkono. Waganga walikuwa na mkono, nao walikuwa wameapa kutouinua. Mkutano uliitishwa, watu wakasema sana, na haukufikia uamuzi wowote. Baada yake, mganga mmoja, akiwa peke yake, alimfuta mkosaji. Pengine alitenda haki. Lakini haki hiyo ilitoka katika dhamiri ya mtu mmoja, pasipo sheria na pasipo kibali. Waliokusudia kumaliza utawala wa waganga waliishia kupata utawala wa mganga mmoja kwa dakika moja.

Curtis aliporudi na kusikia yaliyopita, alianzisha utaratibu mpya. Mkazi yeyote aliweza kuandika ombi; likipata sahihi za kutosha, waganga walilikagua kama linatekelezeka; kisha likapigiwa kura, na likikubaliwa na watu mara mbili ya walioipinga hoja, waganga walilazimika kulitenda. Utaratibu huu ulidumu miaka kadhaa, ukazaa sheria, na ugomvi mwingi vilevile. Mei 1996 waganga walitangaza tena, safari hii kinyume: wangerudi kuamua mambo ya watu pale watakapoona lazima, kwa kuwa haikuwezekana kutenga kazi ya fundi na kazi ya mtawala. Kila msumari waliougonga ulimgusa mtu.

Wako wanaoisoma habari hii kuwa ni ushahidi kwamba watu hawawezi kujitawala. Usomaji huo unawaonea wakazi. Wao hawakupewa utawala mwaka 1992, walipewa kimya. Utawala wa watu unahitaji hukumu na mkono wa kuitekeleza, na walipewa kimoja bila cha pili. Kosa la tangazo lilikuwa kudhani kwamba asiyetumia nguvu hana nguvu. Mwenye ufunguo akikaa kimya wakati mlango unavunjwa, kimya chake ni amri nacho, maana aliyeweza kuzuia na asizuie ameamua yupi apite. Wala kujinyima si kosa daima: hakimu asiyeingilia nyumba za watu hutenda vema, kwa kuwa nyuma yake iko sheria wanayoijua wote, na mlango wa kumwendea uko wazi. Ajinyimaye bila sheria na bila mlango huwaachia wanyonge kwa wakorofi.

Atauliza mwenye shaka: Je, hata ule utaratibu wa kura haukutegemea hiari ya mwenye kompyuta, aliyeweza kuuvunja asubuhi yoyote? Ulitegemea, na mwaka 1996 ulionyesha hivyo. Lakini jambo hilo haliondoi thamani yake. Linamtaka mwenye ufunguo awe mkweli. Mkweli hasemi, sina nguvu. Husema, ninayo, hii hapa, na hizi ndizo nyakati nitakazoitumia, na hawa ndio watakaoniuliza. Maneno hayo hayapendezi kama ya kujiuzulu, lakini wakazi waweza kuyashika na kumdai kwayo. Kundi lolote la watu, liwe la chuo, la msikiti, la ushirika, au la mazungumzo katika simu za mkononi, lina mtu awezaye kumtoa mwenzake. Wajibu wake wa kwanza ni kukiri kwamba anaweza.

Nahodha achokaye na usukani ana njia mbili za kuuacha. Aweza kumkabidhi mwingine mbele ya abiria, akamwonyesha dira na miamba. Au aweza kuinuka tu, akaenda kulala, akisema kwamba abiria sasa wako huru. Wa pili hakuwapa abiria kitu; chombo amekiachia upepo.