Mgeni na Jiko
Adabu ya pwani humkataza mgeni kuchungulia jikoni. Je, kijana wa Dimani, Kibiti, aliyechangiwa nauli na nduguze aende kwenye Maonyesho ya Vyuo Vikuu, ambayo Tume huyaandaa pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, aifuate? Vyuo, kama mwenyeji yeyote, hufagia ua wa mbele. Huo si uongo. Lakini kijana huyu si mgeni. Nauli ile ni korosho na samaki wa watu. Basi na aulize: fedha za Bodi ya Mikopo zikichelewa, mwanafunzi hula nini? Akikosa chumba, hulala wapi? Vipeperushi vyenye picha za maktaba avichukue pia, havina uzito. Ila jibu la mwanafunzi wa mwaka wa pili, lililotolewa kwa sauti ya chini msimamizi alipogeuka, ndilo la kuwapelekea wazee.