Kumwambia Mtu Kweli, Je, Kunatosha?

Kuna swali lililonikaa rohoni tangu mwaka 2006, na leo nimeona nililete kwenye ukurasa wetu huu, maana nadhani wengi wetu tuliomo Ulaya tunalo kwa namna moja au nyingine. Swali lenyewe lilizaliwa chini ya lori.

Lori lilikuwa Mercedes 508 D la mwaka 1978, katika yale yaliyoundwa Düsseldorf kuanzia 1967 hadi 1986. Siku hizi Wazungu huyatafuta kwa udi na uvumba wayageuze nyumba za kutembelea wakati wa likizo. Wakati ule shemeji yangu alilipata kwa bei ya kutupa, kwa kuwa klachi ilikuwa imekwisha. Alikusudia kulipeleka Uvira, mdogo wake abebee mizigo kati ya Uvira na Bukavu. Gereji zilitaka pesa za kutosha kununua lori la pili, basi tukaamua kulitengeneza wenyewe nyumbani, katika ua wa nyuma wa nyumba aliyopanga hapa Ixelles, hatua chache kutoka Matonge. Nyumba kadhaa za zamani hapa bado zina milango mikubwa ya kupitishia magari ya farasi, na si ajabu: D'Ieteren, walioanza kazi ya magari hayo mwaka 1805, walikuja kujenga karakana zao humu humu Ixelles.

Fundi alikuwa mzee mmoja wa Uvira, makenika tangu ujana wake. Mimi nilikuwa utingo tu: kushika taa, kupokeza spana, kufuta mafuta. Mimi wa Dar nasema klachi, yeye husema ambreyaji, na kwa saa ya kwanza tulipotezana kila mara hadi tukakubaliana kuonyeshana kwa kidole.

Tulifungua propela, tukategemeza giaboksi kwa jeki, tukatoa bolti moja moja, jioni ikashuka. Kwa asiyejua, klachi ni pleti iliyobanwa kati ya flaiwili na presha pleti. Ukikanyaga pedali inaachia. Ukiondoa mguu inabanwa tena, na nguvu ya injini inafika kwenye magurudumu. Kinachoishikilia ni msuguano mkavu, basi. Mafuta yakiingia hapo, inateleza. Pleti tuliyoitoa ilikuwa imelowa. Mzee akapitisha kidole nyuma ya krenki, akakileta kwenye taa niliyoshika. Kilikuwa cheusi, kinang'aa.

"Sili inavuja," akasema. "Ndiyo iliyoua ya kwanza. Itaua na hii."

Pleti mpya tulikuwa nayo. Sili hatukuwa nayo, na ilibidi iagizwe Ujerumani, siku nne za kazi. Ilikuwa Jumamosi. Lori lilitakiwa bandarini Antwerp Jumatano asubuhi, na nafasi ya melini ilikwisha lipwa.

Shemeji akasema, "Fungeni tu, jamani. Nani ataona?"

Sitaki mumdhanie vibaya. Alikuwa ameweka akiba kwa miaka miwili akisafisha ofisi usiku. Wala hakusema uongo: hakuna mahali pa siri katika gari kama pale. Kioo kilichopasuka kila mtu hukiona, lakini sili ya nyuma ya krenki haionekani mpaka ushushe giaboksi, na ukishaifunga, ni wewe na Mungu wako.

Basi nani anadaiwa? Nikajaribu kufikiri kama wakili. Mwenye lori amekubali. Fundi hakulipwa ila chakula na ahsante. Lakini yupo mtu wa tatu, ambaye mguu wake ndio utakaokuwa juu ya pedali. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya bahari, Ziwa Kivu mita 1,460, na katikati, baada ya Kamanyola, kuna miinuko ya Ngomo. Aliyepita huko haniulizi nina maana gani. Klachi ikiteleza pale na tani za mzigo mgongoni, injini itanguruma na lori halitapanda.

Nikamwambia shemeji hivyo. Akanijibu jibu ambalo hadi leo sijaweza kulipuuza: "Bila lori hili atasukuma baiskeli. Ninyi mnaotaka kila kitu kiwe kizuri ndio mnaowaacha watu watembee kwa miguu." Mwaka 2020 niliposoma ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, kwamba magari madogo yaliyotumika milioni 14 yalitoka Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na asilimia 40 yakaenda Afrika, nilimkumbuka. Mwaka huohuo wakaguzi wa Uholanzi walikuta kwamba mengi yaliyopitia kwao kwenda Afrika hayakuwa na cheti halali cha ukaguzi. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, na Uganda tangu 2018 haipokei lililozidi 15. Sheria hizo nazielewa. Lakini za shemeji pia nazielewa.

Nikaona nimepata njia ya katikati. Tulifunga pleti mpya, nami nikaandika karatasi nikaifunga kwenye usukani: sili inavuja, usipande Ngomo na mzigo kamili. Nikajiona mwema kweli. Mficha uchi hazai, nami sikuficha. Ila usiku usingizi haukuja. Mtu asiye na lori jingine, ukimwambia hili ni bovu, umempa hiari gani? Huenda nilichoandika ni hati ya kujitoa mimi lawamani, si ya kumfaa yeye. Asubuhi nikakuta karatasi haipo. Shemeji aliitoa, asije mdogo wake akaona ametumiwa taka. Tukagombana kwa sauti hadi majirani wakafungua madirisha.

Mzee hakuingia katika ugomvi. Alivaa koti, akaenda Matonge, akanunua kadi ya simu ya kukwangua, akampigia yule dereva. Mimi nilimfuata, nikasimama mlangoni mwa kibanda. Alimweleza yote kwa Kiswahili cha kwao, bila kupamba. Kisha akanyamaza akisikiliza, akaanza kucheka, akanipa simu.

Sauti ya kijana ilinisalimu vizuri, ikauliza habari za watoto. Halafu ikasema, "Baba, ambreyaji tunashusha hapa nusu siku, mikono tunayo. Kitu hatuna ni hiyo sili. Namba yake ni ngapi?"

Katika saa zote zile nilizobishana juu ya haki yake, haikunipitia akilini kumuuliza.

Sili iliagizwa Jumatatu, ikafika Ijumaa, euro zake tukachanga watatu, na shemeji ndiye aliyetoa nyingi. Mama mmoja aliyekuwa akisafiri kwenda Bujumbura aliibeba katika mkoba, imefungwa kwa gazeti. Lori lilikuwa bado baharini, na mbele yake kulikuwa na Dar es Salaam, Kigoma na ziwa. Sili ikalitangulia Uvira, ikatundikwa msumarini ukutani, ikilisubiri.