Hal-waridi na Manukato ya Mtu wa Kiasi

Tumeulizwa: asiyeweza kununua hal-waridi ya Taif, afanyeje siku ya Ijumaa?

Yafaa kwanza ijulikane sababu ya ughali wake. Waridi la Taif huchumwa alfajiri kabla ya jua kuwa kali, na msimu wake ni mfupi. Maua hutiwa katika masufuria makubwa ya shaba, hupikwa, na mvuke wake hupozwa ukawa maji, mafuta yakaelea juu kidogo mno. Kilo moja ya mafuta haipatikani illa kwa kilo 3,000 za maua na kuzidi. Basi si dhuluma ya muuzaji.

Lakini ni nani aliyesema sunna hii ni ya matajiri? Hadithi iliyopokewa na Bukhari yatutaka siku ya Ijumaa tuoge, tupige mswaki, na tujitie manukato tukiyapata. Tukiyapata, wala si tukiyakopa! Na katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kujipamba kila tuendapo kusali, na katika aya iyo hiyo akatukataza israfu. Mwenye kufanya deni dukani apate kunukia safu ya mbele, na wanawe nyumbani hawana kitoweo, ameishika nusu ya aya.

Marashi, yaani maji ya waridi, hutoka chomboni pamoja na mafuta yale yale, na bei yake ni nafuu. Yako tena mafuta ya jeraniamu, yatolewayo katika majani; ndani yake mna jeranioli, ambayo imo katika waridi pia, ndiyo maana pua huyadhania waridi. Na wake zetu wa pwani wana asumini na kilua majumbani mwao, wala hawamwonei mtu haya.

Hapa pana hatari. Katika karne ya 19 mafuta ya nyasi za palmarosa yalipelekwa kutoka Bombay hata Istanbul, yakachanganywa na mafuta ya waridi, yakauzwa kwa jina la waridi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta umaji chini yake, akajitenga na mwenye kughushi. Jeraniamu ikiuzwa kwa jina lake ni halali. Ikiitwa hal-waridi ni ghushi, na mnunuzi ana haki ya kuirudisha akapewa fedha zake, maadamu hakukawia wala hakuendelea kujipaka baada ya kujua.