Jumanne: Ukingo wa Dari

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Ni nani hasa aliyelindwa na ukingo ambao Mungu aliagiza uwekwe darini?

Nyumba za Waisraeli zilikuwa na paa la bapa. Watu walianika kitani huko juu (Yoshua 2:6), na Petro alipanda huko kuomba (Matendo 10:9). Mwenye nyumba aliijua dari yake. Hata gizani alijua inaishia wapi. Mgeni hakujua, wala mtoto anayekimbia. Kwa hiyo agizo hili linamwonya mwenye nyumba juu ya damu ya mtu mwingine.

Ndugu zetu wanaoabudu kwa Kiswahili huko Marekani, Kanada na Ulaya wanaingia katika majira ya baridi. Wengi wao walikulia mahali ambapo mafua ni jambo la kunywa chai ya tangawizi na kulala mapema. Influenza si mafua hayo. Hulaza watu hospitalini na huua, hasa wazee, wajawazito, watoto wadogo na wenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo. Virusi vyake hubadilika, hivyo chanjo ya mwaka jana haitoshi. Kila Februari Shirika la Afya Duniani hupendekeza aina za virusi zitakazolengwa na chanjo ya majira yajayo katika nchi za kaskazini. Mwili huchukua kama wiki 2 kujenga kinga, ndiyo maana ni vema kuchanjwa kabla Oktoba haijaisha. Aliyechanjwa anaweza bado kuugua, ila mara nyingi huugua kwa wepesi zaidi.

Katika darasa lolote hakosi mmoja wa kusema, “Kinga yangu ni Bwana, na ninakula vizuri.” Asichekwe. Chakula bora, usingizi na hewa safi ni sehemu ya ujumbe wetu wa afya, nasi hatuutupi. Lakini Hezekia alikuwa ameshaahidiwa miaka 15 ya kuishi (Isaya 38:5), na bado Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake (38:21). Ahadi na dawa vilitoka kinywani mwa nabii yule yule. Ellen G. White naye alichanjwa wakati wa mlipuko wa ndui na akawahimiza wasaidizi wake wachanjwe. Hayo aliyaandika katibu wake, D. E. Robinson, mwaka 1931. Kanisa nalo lilitamka mwaka 2015 kwamba halina sababu ya kiimani ya kutowahimiza washiriki kuchanjwa, huku likiheshimu dhamiri ya kila mmoja.

Turudi darini. Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi chanjo hii. Kinga yake hutegemea mama aliyechanjwa akiwa mjamzito, na watu wanaomzunguka. Nasi tunajua Sabato ilivyo: ibada ikiisha, mtoto hupokezwa mkono kwa mkono, kila mmoja akitaka kumbusu, hata yule aliyekohoa tangu wimbo wa kwanza.

Tafakari: Ni nani nyumbani mwako, au katika darasa lenu, asiyejua dari yako inaishia wapi? Mwenzenu akiiogopa sindano hii, mtamsikilizaje bila kumhukumu, na bado mumlinde mtoto yule?