Kioo Kimebadilishwa: Je, Amana Imetimizwa?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, nakuletea swali lililotugawa katika kikao chetu cha baada ya Isha. Gari la mtu limepasuka kioo cha mbele. Amelipeleka kwa fundi wa vioo, wakapatana bei, na fundi akabandika kioo kipya. Kazi ni safi: hakivuji mvua ikinyesha wala hakipigi mluzi wa upepo. Mwenye gari ameridhika, amelipa na ameondoka. Lakini nyuma ya kioo kile ilikuwapo kamera ndogo, ambayo baada ya kazi haikupimwa wala kulinganishwa upya. Fundi alijua kwamba ilihitaji kulinganishwa, akanyamaza. Je, ujira ule ni halali tupu, au una doa?

Baadhi ya ndugu walisema ni halali: kilichoagizwa ni kioo, na kioo kimewekwa. Wengine, nami nikiwa miongoni mwao, tulisema una doa. Hoja za ndugu wa upande wa kwanza si nyepesi, na nitazijibu hapa moja moja. Kwanza tuelewe jambo lenyewe, maana wanazuoni wetu walitufundisha kwamba hukumu juu ya kitu hufuata kukifahamu kwanza.

Kamera ile inafanya nini?

Magari mengi tunayopanda hapa Uganda yametumika kwanza Japani, kisha yakapitia bandari ya Mombasa au Dar es Salaam. Sheria yetu ya usalama barabarani, ilivyorekebishwa mwaka 2018, inakataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe. Sasa, Subaru walianza kuuza mfumo wao wa EyeSight huko Japani mwaka 2008, na Toyota wakaleta Toyota Safety Sense mwaka 2015. Ndiyo kusema gari analonunua leo mwalimu au mwenye duka linaweza kuwa na kamera hizi hata kama yeye hakuziulizia. Simama mbele ya gari, tazama sehemu ya juu ya kioo, karibu na kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Utaona kijisanduku cheusi chenye jicho. Subaru yenye EyeSight ina macho mawili.

Jicho hilo husoma mistari ya barabara, magari yaliyo mbele na watu wanaovuka. Likiona hatari humwonya dereva, na asipochukua hatua, gari linaweza kufunga breki lenyewe. Katika baadhi ya magari, usukani nao huvutwa kidogo kurudisha gari kwenye njia yake. Yote hayo hufanyika kupitia kioo. Kioo kikibadilishwa, unene wake, mpindo wake au kishikio cha kamera vinaweza kutofautiana kidogo na vya kwanza, na kamera yenyewe huwa imeng'olewa na kurudishwa. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanaagiza kamera ilinganishwe upya kila kioo kinapobadilishwa.

Huenda ukasema, tofauti ndogo hivyo itadhuru nini? Hesabu ni rahisi. Kamera ikikaa kombo kwa digrii 1 tu, kitu kilicho mita 50 mbele kitaonekana kimesogea pembeni kwa sentimita 87 hivi, na kilicho mita 100 mbele kwa mita 1.75. Hiyo inatosha kumfanya mwendesha baiskeli aliye pembeni mwa barabara ya Tirinyi aonekane yuko katikati ya njia, au aliye katikati aonekane yuko pembeni. Na kamera ikiinama juu au chini, makadirio yake ya umbali huharibika. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Breki ikichelewa sekunde moja, mita hizo zimekwisha.

Kulinganisha upya hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ndani ya gereji: gari husimamishwa kwenye sakafu iliyo sawa, matairi yakiwa na upepo unaotakiwa, na mbele yake huwekwa mabango yenye michoro maalumu kwa umbali uliopimwa kwa makini, kisha kompyuta ya uchunguzi huifundisha kamera mbele ni wapi. Ya pili ni barabarani: kompyuta hiyo ikiwa imeunganishwa, gari huendeshwa kwa mwendo maalumu penye mistari inayoonekana vizuri. Magari mengine huhitaji njia zote mbili.

Yasipofanyika hayo, kamera haipofuki. Inaendelea kuona, ila inaona kombo, na inaamini inachokiona. Katika baadhi ya magari taa ya onyo huwaka, na katika mengine hakuna dalili yoyote. Hata onyo likitokea, magari mengi yaliyotoka Japani huandika ujumbe wake kwa Kijapani, na dereva wetu huyaona maandishi yale kama mapambo tu ya dashibodi.

Rundo la nafaka lililoloa ndani

Sote tumesoma kisa kilichopokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta umajimaji. Alipouliza, mwenye rundo akajibu kwamba lilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholoa juu ili watu wakione, kisha akaeleza kwamba mwenye kughushi si katika watu wake.

Tuzingatie mambo mawili. Mtu yule hakuinyesha mvua, na rundo lake halikuwa limeoza. Alilaumiwa kwa sababu upande mkavu ndio ulioelekezwa kwa mnunuzi. Kioo kipya kinachong'aa ndio upande mkavu wa rundo. Kamera iliyo nyuma yake ndio upande uliolowa, na mteja hawezi kuuona hata akitia mkono ndani.

Jambo hili lina uhusiano na mizani pia. Katika Surat ar-Rahman, Mola wetu ametaja kuinuliwa kwa mbingu na kuwekwa kwa mizani pamoja, akatuamrisha tusipunguze katika vipimo. Katika Surat al-Mutaffifin amewaonya vikali wale wanaopokea kipimo kamili wakichukua, na kupunguza wakitoa. Fundi aliyelipwa bei ya kazi kamili akatoa kazi iliyopunguzwa bila kusema, amesimama mahali pabaya karibu na hao. Kamera yenyewe ni mizani: inapima umbali, nayo ikiharibika kinachopunjwa ni roho za watu. UNBS hukagua mizani za muuza sukari na nyama, nasi tunaona ni haki. Mizani inayoamua breki ifungwe lini haistahili uangalizi mdogo kuliko ile ya kilo moja ya nyama.

Hoja za wanaotetea ukimya

*Hoja ya kwanza: mteja aliagiza kioo tu.* Ni kweli, na sisemi fundi alazimishwe kufanya bure kazi asiyolipwa. Lakini kutofanya ni jambo moja na kutosema ni jambo jingine. Katika Hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka hufutwa. Kubainisha kumetajwa kando ya kusema kweli. Mtu anaweza asiseme uongo hata neno moja, na bado akawa hakubainisha. Mteja aliagiza kioo kwa sababu hakujua kuna kingine cha kuagiza, na anayejua ndiye mwenye wajibu wa kufungua kinywa.

*Hoja ya pili: barabara zetu nyingi hazina hata mistari, kamera hizo ni za Wajapani.* Hoja hii ilichekesha kikao, na ina ukweli ndani yake: njia ya pili ya kulinganisha ni ngumu pasipo na mistari. Hata hivyo breki ya dharura haingoji mistari. Inatazama gari na mtu, na hivyo vimejaa barabarani kwetu. Tena, kama kweli kamera haina faida, basi izimwe. Kuiacha ikiwa na uwezo wa kukamata breki huku imepotea kipimo ni kuchukua madhara bila manufaa, na kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana inajulikana kwa kila mwanafunzi wa fiqhi.

*Hoja ya tatu: fundi hana vifaa, na pengine hakusomea.* Hapa tunakutana na Hadithi aliyoipokea Abu Dawud na wengineo kuhusu mtu anayetibu watu ilhali hajulikani kwa utabibu: yeye ni mwenye kudhamini. Maana yake, kutojua hakumsafishi aliyejitokeza mbele za watu kama ajuaye. Wanazuoni pia walijadili dhamana ya mafundi wanaopokea kazi za kila mtu. Imesimuliwa kwamba Ali (r.a.) aliwadhaminisha mafundi kwa kuona kwamba mambo ya watu hayatengemai bila hivyo. Imam Abu Hanifa aliona mali iliyo mkononi mwa fundi ni amana, halipi ikipotea bila uzembe wake, na wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, wakamdhaminisha isipokuwa kwa yasiyoepukika. Ikhtilafu hiyo ni ya mali iliyopotea bila fundi kukosea. Kwa aliyejua kasoro akaificha sioni mlango wa kutokea katika kauli yoyote kati ya hizo. Asiye na vifaa ana neno moja jepesi: "Mzee, mimi nimeweka kioo, lakini kamera sikuilinganisha. Usiitegemee mpaka ukaonane na mwenye vifaa."

*Hoja ya nne: akisema hivyo, mteja atakwenda kwa jirani anayenyamaza.* Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na anayeijibu kwa maneno "riziki iko kwa Allah" peke yake, kisha akaenda zake, hajamtendea haki baba mwenye watoto wanaosubiri ada. Ni kweli riziki iko kwa Allah. Ni kweli pia kwamba mkweli anaweza kumpoteza mteja wa leo. Dini haikutuahidi kwamba ukweli utakuwa rahisi. Ila haikumwacha mkweli apambane peke yake.

Katika soko la Kiislamu la zamani kulikuwa na muhtasib, msimamizi wa soko. Al-Shayzari, aliyeandika mwongozo wa kazi hiyo katika karne ya 12, alieleza kwamba muhtasib hawezi kujua siri za kila ufundi, kwa hiyo ateue katika kila ufundi mtu mmoja mwaminifu anayeujua, amfunulie udanganyifu wa wenzake. Hekima yake ni kubwa: wazee wale walijua kwamba mnunuzi hawezi kuchunguza kila kitu, na kwamba uaminifu wa fundi mmoja huliwa na ukimya wa kumi. Mafundi wa vioo wa mji mmoja wakikubaliana kuandika kwenye kila risiti "kamera imelinganishwa" au "kamera haijalinganishwa", hakuna atakayepoteza mteja kwa kusema kweli, maana jirani naye ameandika.

Na wewe mwenye gari?

Lawama isimwishie fundi. Wapo wanaoambiwa ukweli wakajibu, "Weka tu kioo, nina haraka." Tangu hapo amana imehamia kwao. Akimwazima ndugu gari lile, na amwambie. Akilitoa kupeleka wanafunzi kwenye mhadhara, dereva na ajue. Akiliuza, kasoro hiyo ni aibu ya bidhaa inayopaswa kubainishwa. Na asidhani kubonyeza kitufe mara moja kunatosha: katika magari mengi mfumo wa breki za dharura hujiwasha tena kila gari linapowashwa. Juu ya yote, dereva abaki dereva. Kamera ni msaidizi, na msaidizi hatabeba dhima ya mtu Siku ya Kiyama.

Sisi wanafunzi nasi tuna fungu letu. Imam al-Ghazali aliuhesabu ufundi ambao watu hawawezi kuishi bila huo, kama kilimo na ushonaji, katika faradhi za kutoshelezana. Mji wote ukikosa mtu wa kulinganisha kamera hizi ilhali magari yake yamejaa barabarani, upungufu huo ni wetu sote. Ndugu zetu wanaosoma uhandisi na kompyuta wasidhani kwamba ibada zao zinaishia kwenye swala za chuoni.

Basi jawabu langu kwa kikao chetu ni hili. Ujira wa kioo ni wa fundi, kwa kuwa kioo amekiweka. Ukimya wake ni ghushi, nayo inamtaka atubie, amtafute mteja wake na amwambie kabla barabara haijamwambia. Simu moja ya dakika mbili inatosha.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaobainisha, awahifadhi wasafiri wetu, na aibariki mikono ya mafundi wetu. Amin. Wallahu a'lam.