Wageni wa Kilwa na amana ya bahari

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), Aliyeitiisha bahari kwa ajili ya waja Wake. Rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake.

Ndugu msomaji, miaka ya karibuni Kilwa imekuwa ikipokea meli za kitalii. Ni meli kubwa zinazozunguka Bahari ya Hindi zikiwa na abiria kutoka Ulaya na Marekani, wengi wao watu wazima waliokwisha kustaafu. Meli hutia nanga nje, abiria wakashushwa kwa boti ndogo hadi Kilwa Kisiwani au Songo Mnara, wakatembezwa magofuni kwa saa chache, wakapigiwa ngoma, kisha wakarudi melini kula na kulala. Serikali inafurahi, na ina haki ya kufurahi, kwani mikoa ya kusini imesahauliwa muda mrefu.

Baada ya darsa moja hapa Dar es Salaam, kijana alisimama akaniuliza: "Maalim, inakuwaje wasiokuwa Waislamu waingie msikiti wa wazee wetu na kaptula zao, wapige picha mbele ya mihrabu, nasi tunyamaze?" Waliokaa karibu naye waliitikia kwa sauti. Nikaona swali hili linastahili jibu pana kuliko lile la dakika mbili.

Kwa upande wa fikihi hakuna ugumu mkubwa. Thumama bin Uthal, kiongozi wa Banu Hanifa, alifungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina akiwa bado mshirikina. Muda wa siku tatu aliwaona Waislamu wanavyoswali na wanavyotendeana. Mtume (s.a.w.) akaamuru aachiwe bila fidia. Akaenda kuoga, akarudi akatoa shahada. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, asiyekuwa Muislamu anaweza kuingia msikitini kwa idhini ya Waislamu, isipokuwa Haram ya Makka. Ama hizo kaptula, dawa yake ni kanga ishirini mlangoni na msimamizi mwenye haya.

Swali ambalo kijana yule hakuliuliza ndilo linalonisumbua mimi. Thumama alikaa siku tatu. Huyu wa leo anakaa saa tatu. Katika saa hizo anaona nini kwetu?

Ataona msikiti ulioanza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14, katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta sultani huyu. Anasimulia kuwa fakiri kutoka Yemen alimuomba nguo alizovaa wakati akitoka kuswali Ijumaa, naye akaingia ndani akazivua na kumpa. Baadaye akamuongezea watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Wengi tunaposimulia kisa hiki tunaishia kwenye nguo. Sioni faida ya kuruka watumwa na pembe, maana ndivyo Kilwa ilivyotajirika, na deni lake tutalikuta mbele.

Kisha mgeni ataugusa ukuta. Ukuta ule ni matumbawe yaliyokatwa baharini, na chokaa iliyoushika ni matumbawe yaliyochomwa. Wazee wetu waliijenga nyumba ya Allah kwa mwamba wa bahari. Na mwamba ule ule, katika zama zetu, tuliupiga baruti.

Hapa naomba tusizungushe maneno. Uvuvi wa mabomu uliitafuna pwani ya Tanzania kwa miongo kadhaa, na Kilwa ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Hawakufanya hivyo watalii. Walifanya watu wenye majina kama yangu na yako, na wengine walitoka baharini wakawahi jamaa. Milipuko ilipungua sana baada ya msako mkali wa miaka ya 2016 hadi 2018. Nauliza tu: ni khutba ngapi zilizosomwa kabla ya msako ule? Kwa fikihi yetu maiti ya samaki ni halali, na pengine hapo ndipo watu walipojificha. Lakini uhalali wa nyama haukihalalishi kitendo. Mtume (s.a.w.) ameweka msingi kwamba hakuna kudhuru wala kulipizana madhara, na anayelipua mwamba anamdhuru jirani yake, mtoto wa jirani, na vifaranga vya samaki visivyo na idadi.

Qur'an inatufundisha katika Surat al-An'am, aya ya 38, kwamba wanyama wa ardhini na ndege ni umma mfano wetu sisi. Basi umma gani uko Kilwa? Yuko nguva. Bahari iliyo kati ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa ni miongoni mwa sehemu chache za Afrika Mashariki ambako bado anaonekana. Hula nyasi za baharini, hubeba mimba kiasi cha miezi 13, huzaa mtoto mmoja, na hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Anavuta pumzi kama sisi, kwa hiyo akinaswa na jarife hufa kwa kuzama. Wapo wanaobishana kama nyama yake ni halali. Wakimaliza kubishana hatakuwepo wa kuliwa.

Yuko pia kasa. Huyu kwa kauli yenye nguvu ya Shafi haliwi, na sheria ya nchi inamlinda. Pamoja na hayo tunajua analiwa. Machi 2024 huko Kisiwa Panza, Pemba, watoto wanane na mama mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Na mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara walimnasa silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu zama za dinosaria, mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Mwenyezi Mungu alimhifadhi miaka yote hiyo kwenye vina virefu, na sisi tukampandisha kwa wavu.

Sasa lile deni la pembe. Pori la Selous, ambalo sehemu yake imo mkoa wa Lindi, lilikuwa na tembo wapatao 39,000 mwaka 2009. Mwaka 2013 walihesabiwa kiasi cha 13,000. Juni 2014, katika kikao cha Kamati ya Urithi wa Dunia kilichofanyika Doha, Qatar, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini, walikokuwa wameyaweka mwaka 2004. Kikao hicho hicho kikaiingiza Selous katika orodha hiyo kwa sababu ya ujangili. Kuta za wafu zilipona, walio hai wakaingia hatarini, na yote ni eneo moja la kusini.

Magofu haya yamekabidhiwa TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Wapo walioguna: msikiti na fisi wapi na wapi? Mimi naliona tofauti. Msikiti uliotoka baharini, mikoko iliyopandwa ufukweni kuzuia mawimbi yasile magofu, kasa anayetaga mchangani, vyote ni amana moja.

Kusema hivi si kuwasafisha wenye meli. Nanga ikiburutwa juu ya mwamba inaua kama baruti, ila haina mlio. Pangaboi la boti iendayo kasi kwenye nyasi za baharini hukata nguva na kasa. Meli itie nanga mahali palipopangwa, boti ziende taratibu, na taka zirudi zilikotoka.

Kubwa zaidi ni haki ya wenyeji. Mgeni anayekula na kulala melini hanunui chakula cha mama lishe wala halipi gesti ya Masoko. Kinachobaki nchi kavu ni kiingilio, ujira wa mtembezaji, na labda mkeka wa ukili. Kiasi gani katika hicho kinafika Kisiwani? Naomba hesabu hiyo isomwe hadharani katika mkutano wa kijiji kila baada ya msimu, mbele ya mvuvi aliyeambiwa aache jarife. Mtume (s.a.w.) ameusia mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Ukimtaka mtu mwenye njaa amhurumie nguva kwa faida ya mtalii, naye haoni senti, umemdhulumu, na mwisho atarudi kwenye jarife usiku.

Inawezekana kufanya vizuri. Huko huko Kisiwa Panza wanakijiji waliwahi kukubaliana kuufunga mwamba wa pweza kwa miezi, wakaufungua pweza wamekua. 

Na watembezaji wawe vijana wetu waliosoma, wanaoweza kumweleza mgeni mihrabu ni nini na kwa nini imeelekea kaskazini. Nimesikia simulizi za baadhi yao: sultani, Wareno, dhahabu ya Sofala, basi. Swala haitajwi.

Tulioko mjini nasi tumo. Ukienda Feri kununua samaki, mshike kwanza. Aliyeuawa kwa baruti mwili wake hulegea, na ukimpasua unakuta damu imevilia tumboni na uti wa mgongo umevunjika. Muulize muuzaji ametoka wapi, uulize kwa sauti ili na wa meza ya pili asikie, na akikosa jibu muachie samaki wake.

Wallahu a'lam.